Nilivyolifuata Bawa la Nzi Hadi Dresden

Kutoka kituo cha treni cha Heidelberg hadi Maabara ya Biolojia ya Molekuli ya Ulaya si mbali, lakini basi linakutoa mjini kabisa. Mto Neckar unabaki chini, kona zinafuatana ndani ya msitu, kisha miti inaachana na unakuta majengo yamekaa peke yake juu ya kilima. Ilikuwa Oktoba. Majani yalikuwa yameshageuka manjano na baridi ilikuwa imeanza kuuma vidole. Dresden ndiyo iliyonitoa Dar es Salaam, lakini nilitaka kupita hapa kwanza, kwa sababu kisa nilichokuwa nakifuata kilianzia kwenye kilima hiki.

Kisa chenyewe ni cha swali moja. Seli ni ndogo kiasi kwamba jicho haliioni. Inajuaje upande wake upi ni wa mbele na upi ni wa nyuma?

Swali hilo ndilo lililoubeba mwili wa kila mmoja wetu. Tulianza tukiwa seli moja. Seli hiyo na watoto wake wangegawanyika ovyo, bila kujua kichwa kitakaa wapi na miguu itokee wapi, lisingetokea ila donge. Ili pawe na mgongo na tumbo, ili utumbo ufyonze chakula upande wa ndani na kukipitisha kwenye damu upande wa pili, kila seli lazima iwe na pande zake na izijue. Kisha lazima isemezane na jirani zake, ili zote zielewane zimeelekea wapi. Masuala hayo mawili, pande za seli na mazungumzo ya seli, yamewashughulisha wanabiolojia wa ukuaji kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1978 vijana wawili walipewa maabara moja ndogo hapa kilimani: Christiane Nüsslein-Volhard, Mjerumani aliyezaliwa Magdeburg, na Eric Wieschaus, Mmarekani. Waliwalisha nzi madume wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva, kemikali ya kuharibu jeni, wakawazalisha kwa vizazi, kisha wakakaa wakitazamana kwenye hadubini moja yenye sehemu mbili za kutazamia. Walichokitazama kilikuwa ni viinitete vilivyokufa kabla ya kuanguliwa. Kila kimoja kilikuwa na habari yake. Kingine kilikosa pingili za katikati, kingine kilikosa kila pingili ya pili. Na vingine, vilivyonivutia mimi kuliko vyote, vilikuwa na idadi kamili ya pingili, ila kila pingili ilikuwa imepoteza nusu yake moja, na mahali pake pamekaa nusu iliyobaki, imegeuzwa ikitazama nyuma. Pingili haikujua tena mbele yake ni ipi.

Makala yao ilitoka kwenye jarida la Nature mwezi Oktoba 1980, ikizungumzia jeni 15. Mojawapo waliipa jina la kalunguyeye, kwa sababu buu lililoikosa lilijaa vijiba kama miiba. Nyingine ilikuwa na jina la nzi asiye na bawa. Mwaka 1995 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis. Kufikia wakati huo ilikuwa imeshajulikana kwamba jeni hizo hazikuwa za nzi peke yake. Jeni ya kalunguyeye na ndugu wa ile ya bawa zimo ndani ya samaki, ndani ya kuku, ndani ya mtu. Ndizo njia ambazo seli hutumia kupelekeana habari: seli moja inatoa protini, jirani ana kipokezi chake juu ya utando, na kipokezi kikiguswa habari inashuka hatua kwa hatua hadi kwenye jeni.

Miaka ya 1990 alifika kwenye kilima hiki hiki Mmarekani mwingine, Suzanne Eaton. Alizaliwa California mwaka 1959, na huko kwao alikuwa ameshafanya kazi na nzi. Hapa alijiunga na maabara ya Kai Simons, mwanasayansi kutoka Ufini aliyekuwa akichunguza namna seli inavyopanga mafuta na protini zake, hizi upande wa juu, zile upande wa chini. Mwaka 2000 Eaton alihamia Dresden pamoja na kundi la waanzilishi wa taasisi mpya ya Max Planck ya biolojia ya seli na jeni. Ni yeye niliyekuwa namfuata.

Treni ya kwenda Dresden nilibadilishia Frankfurt. Inapita Fulda, inapita Eisenach na ngome yake juu ya mlima, Erfurt, Leipzig, na mahali fulani humo inavuka uliokuwa mpaka wa Ujerumani mbili. Dirishani sikuona kilichobaki cha mpaka huo.

Dresden wageni huenda kuona kanisa la Frauenkirche, lililoangushwa na mabomu ya Februari 1945 na kujengwa upya hadi likafunguliwa mwaka 2005. Nililiona, ni zuri. Lakini mtaa niliokuwa nautafuta ni Johannstadt, upande wa mashariki, ambao nao uliteketea usiku ule na ukajengwa tena kwa maghorofa ya zege ya wakati wa ukomunisti. Kati ya maghorofa hayo, hospitali ya chuo kikuu na mbuga za majani za mto Elbe, ndipo ilipo taasisi. Ukitembea pale jioni unasikia Kihindi, Kireno, Kichina. Mji uliokuwa umefungwa nyuma ya ukuta hadi 1989 sasa unawaita vijana wa dunia nzima kuja kutazama seli.

Mwenyeji wangu alikuwa binti wa Mwanza, anayesomea shahada ya uzamivu mjini humo. Alinipokea mlangoni akiwa amevaa koti jeupe.

"Shikamoo mama. Poleni na safari."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa. Nionyeshe huyo nzi wako."

Alicheka, akanipeleka moja kwa moja kwenye hadubini. Bawa lilikuwa limebandikwa kwenye kioo chembamba. Kwa macho matupu ni kijipande kinachong'aa, huwezi kukitofautisha na ganda la kitunguu. Ndani ya hadubini nikaona vinyweleo, maelfu, kila seli imetoa kimoja, na vyote, bila hata kimoja kuasi, vimelala vikielekea ncha ya bawa. Nilikumbuka paa la makuti lililoezekwa na fundi anayejua kazi: kila kuti limelala juu ya mwenzake, yote yameelekea upande mmoja.

"Sasa tazama na hili," akasema, akabadilisha kioo.

Bawa la pili lilikuwa la nzi aliyeharibika jeni moja tu. Vinyweleo vilikuwa vimezunguka, vikafanya vimbunga, hapa vinakwenda kulia, pale vinarudi nyuma. Jeni hiyo wameiita Van Gogh, kwa jina la mchoraji wa Uholanzi aliyechora anga lenye mawimbi ya mzunguko. Idadi ya seli ni ile ile. Bawa linaonekana bawa. Kilichopotea ni makubaliano.

Binti akanieleza makubaliano hayo yanavyofanyika, naye alieleza vizuri kuliko vitabu nilivyosoma. Ndani ya kila seli ya bawa, protini za kundi moja hukusanyika kwenye ukingo ulioelekea ncha ya bawa. Za kundi la pili, alimo huyo Van Gogh, hukusanyika kwenye ukingo wa upande wa mwili. Mahali seli mbili zinapokutana, kundi la kwanza la seli hii linagusana na kundi la pili la seli ile, yakishikana kupitia protini inayofanya kazi ya daraja. Kundi moja likishika ukingo, lingine linafukuzwa hapo na kukimbilia ukingo wa pili. Basi seli moja ikijua upande wake, jirani analazimika kujua wake, na habari inasambaa seli kwa seli.

"Lakini nani anaanza?" nikamuuliza.

"Hapo mama ndipo alipoingia Suzanne."

Eaton na wenzake waliwapiga nzi picha wakiwa bado pupa, wakati bawa linajengwa, na wakaifuatilia kila seli saa baada ya saa. Bawa hilo changa, lililo bado mfuko laini, ungeweza kulidhani limetulia. Kumbe seli zilikuwa zikisafiri. Sehemu ya bawa iliyo karibu na mwili hujikaza na kusinyaa, na ikisinyaa inalivuta bawa zima. Seli zinanyooka, zinazunguka, zinabadilishana majirani. Na zile protini za pembeni, ambazo mwanzoni zilikuwa zimeelekea kingo za bawa, zinageuzwa na mvuto huo hadi zinaelekea ncha. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la Cell. Walipoutenga mvuto ule kwa kukata, mpangilio ukabadilika. Kwa hiyo seli haisikilizi kemikali peke yake. Inasikiliza pia nguvu inayoivuta, na mwelekeo wake ni jibu la vyote viwili.

Ili kulipima hilo Eaton alishirikiana na Frank Jülicher, mwanafizikia wa taasisi nyingine mjini humo humo, na mwaka 2015 wakaonyesha kwamba ukingo wa bawa umefungwa kwenye ganda la pupa. Huku panavutwa, huku pameshikwa, na bawa linarefuka kwa sababu ya mabishano hayo. Kifungo kile kikikatwa, bawa linabaki fupi na pana. Nashikilia kwamba huu ni kati ya ugunduzi mzuri kabisa wa biolojia ya miaka yetu, na unasikitisha kwa namna usivyojulikana nje ya maabara.

Kazi yake nyingine ilihusu mafuta. Protini ya kalunguyeye, na ile ya nzi asiye na bawa, zimebandikwa mafuta ambayo hunata kwenye utando wa seli. Kitu kinachonata kitasafirije hadi kwa seli ya mbali? Mwaka 2005 kundi lake lilionyesha kwamba protini hizo husafiri zikiwa zimepanda kwenye chembe zinazobeba mafuta mwilini, jamaa za zile ambazo daktari hupima damuni mwetu anapotafuta lehemu. Chembe hizo zikipungua, habari haifiki mbali. Kuanzia hapo aliendelea kuuliza maswali juu ya chakula: nzi anakula nini, mafuta yake yanatoka wapi, na chakula hicho kinaubadilishaje mwili unaokua. Alikuwa amefika mahali ambapo lishe na umbo la mwili ni jambo moja.

Mwezi Julai 2019 alikwenda Krete, Ugiriki, kwa mkutano wa wanasayansi. Alitoka kwenda kufanya mazoezi, akauawa. Alikuwa na miaka 59. Aliyemuua alihukumiwa kifungo cha maisha. Magazeti ya dunia yaliandika sana juu ya kifo chake na machache mno juu ya bawa la nzi, na hilo ndilo lililonifanya nitake kuja. Mtu aliyetumia miaka karibu thelathini akitafuta jibu moja anastahili kukumbukwa kwa jibu hilo.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya nyumbani. Dada yangu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Nilikuwa naye hospitali asubuhi ile. Uvimbe chini ya mgongo, umefunikwa kwa ngozi nyembamba kama si ngozi, na maneno ya akina mama wa vitanda jirani: amerogwa, amekanyaga kitu, amemkosea mkwe wake. Dada aliyasikia yote akiwa amelala ameuelekea ukuta. Sikuwa na la kujibu siku ile. Sasa ninalo, na sehemu yake nimeikuta Dresden.

Wiki ya tatu baada ya mimba kutunga, mgongo wa mtoto ni bamba bapa la seli. Bamba hilo lazima lijikunje, kingo zake mbili ziinuke, zikutane katikati na kuungana, liwe mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa fahamu. Lakini kingo haziwezi kukutana bamba likiwa pana mno. Kabla yake seli hujipenyeza katikati ya majirani zake kuelekea mstari wa kati, na kadiri zinavyojipenyeza bamba linakuwa jembamba na refu. Ili zijipenyeze upande ulio sahihi ni lazima zijue pande zake, na zinazijua kwa protini za kundi lile lile la bawa la nzi. Panya mwenye hitilafu kwenye nakala zote mbili za jeni yake ya Van Gogh huzaliwa mrija ukiwa wazi karibu wote, tangu ubongo hadi mkiani. Mwaka 2007 watafiti walitangaza kwamba wameikuta hitilafu ya jeni ndugu yake kwa baadhi ya watu wenye mgongo wazi.

Si kila mtoto wa mgongo wazi ana jeni iliyoharibika. Sababu ni nyingi na huchanganyika: urithi, lishe ya mama, kisukari, baadhi ya dawa za kifafa. Kurogwa hakumo.

Siku iliyofuata nilipanda treni ya karibu kwenda Pirna, mji mdogo kandokando ya Elbe, juu kidogo ya Dresden. Binti wa Mwanza aliniambia, "Mama, usiondoke bila kufika kule." Juu ya mji kuna ngome ya Sonnenstein. Mwaka 1811 ilifunguliwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na ilisifika kwa kuamini kwamba wagonjwa wale wanaweza kupona. Kuanzia Juni 1940 hadi Agosti 1941, ndani ya hospitali hiyo hiyo, utawala wa Hitler uliwaua kwa gesi watu 13,720, wengi wao wagonjwa wa akili na walemavu, watoto wakiwemo. Waliletwa kwa mabasi. Madaktari ndio waliojaza fomu. Zaidi ya wafungwa elfu moja wa kambi za mateso nao waliuawa humo. Chumba kiko chini ya ardhi, na unaweza kuingia. Kuta ni nyeupe, hakuna kitu ndani.

Nilisimama humo nikimfikiria mtoto wa dada yangu. Angeletwa. Mwili wake ndio aina ya mwili ambao fomu zile ziliandikwa kwa ajili yake. Na Dresden kwenyewe, Makumbusho ya Usafi na Afya, maarufu kwa sanamu yake ya mwaka 1930 ya mtu mwenye mwili wa kuonekana ndani, yalitumika miaka ile kuufundisha umma kwamba kuna damu safi na damu chafu. Leo makumbusho hayo yenyewe yanalieleza jambo hilo bila kulificha, nami nayaheshimu kwa hilo. Sayansi ya namna mwili unavyoumbika imewahi kuwa silaha juu ya Elbe hii hii. Kwa hiyo nawadai wanaoifanya leo, na sisi tunaoiandika, tuseme wazi ni ya nini: ni ya kumtunza aliyezaliwa na kumkinga atakayezaliwa.

Na kutunza kunawezekana, tena kwetu. Muhimbili, kwenye Taasisi ya Mifupa, watoto wenye mgongo wazi, na wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji vinavyoandamana nao mara nyingi, hufanyiwa upasuaji. Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf kutoka Marekani na wenzake wa pale waliendeleza upasuaji wa kichwa kikubwa unaotumia kamera nyembamba: wanayafungulia maji ya kichwani njia ya ndani na kuunguza tishu inayoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji kuwekewa mpira wa kutoa maji unaoweza kuziba nao wako kijijini, mbali na hospitali. Mbinu hiyo ilitoka Afrika Mashariki ikaenda kufundishwa kwingine. Mtoto wa dada yangu alipasuliwa mapema. Anatembea kwa magongo na anasoma.

Kukinga nako kunawezekana. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hili, wakitumia foliki asidi, aina ya vitamini, kabla ya mimba inayofuata, hatari ya kurudia hupungua kwa asilimia 72. Shida yetu ni kalenda. Mrija ule hufunga ifikapo kama siku ya 28 tangu mimba itunge, wakati mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito. Vidonge vya fefo, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, tunavipata kliniki, na wengi wetu kliniki tunaanza mwezi wa nne. Fefo hizo zina faida zake kwa damu ya mama, lakini kwa mgongo wa mtoto zimechelewa. Tanzania na Kenya zina kanuni za kuongeza foliki asidi kwenye unga wa viwandani. Unga wa mashine ya mtaani, ambao ndio sembe na dona ya mamilioni, kwa kawaida hauongezwi.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayetarajia kupata mtoto, au ambaye tu unaweza kupata mimba: usisubiri kliniki. Nenda duka la dawa au kituo cha afya, uliza foliki asidi, mikrogramu 400, umeze kila siku kuanzia sasa hadi mimba ifike wiki 12. Kama ulishawahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au unatumia dawa za kifafa, mwone daktari kwanza, kwa sababu dozi yako ni kubwa zaidi. Na kama mtoto amezaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, msimfiche na msimpeleke kwa mganga. Mpelekeni hospitali ya rufaa siku hiyo hiyo. Upasuaji unaofanywa ndani ya siku 2 au 3 za mwanzo ndio unaomkinga na maambukizi ya uti na ubongo.